Aliyevaa Ngozi ya Mnywa Mto

Paratong, Ilocos Norte
9 Oktoba 1994

FILAMU YENU IMEPATIKANA! Manang, imepatikana! "Mnywa Mto" yenyewe, na wewe umo ndani yake, na aliyeipata ni mwanangu Temyo, si mtu mwingine!

Haya, sasa nikusalimu. Dada yangu mkubwa Onorata, natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Pablo, na watoto, na wale wajukuu ambao majina yao siwezi kuyatamka. Sisi hapa hatujambo kwa rehema za Mungu. Kimbunga cha mwezi uliopita kilichukua paa la jiko kikalitua kwenye shamba la Berting, naye akakaa nalo siku mbili akidai hajui la nani. Nguruwe amezaa, watoto wengi kuliko chuchu. Mume wangu Gorio ni yuleyule, anakula, analala, anaulizia kahawa yako ya Hawaii.

Sasa sikiliza. Unajua kazi ya Temyo huko Manila, nimekuandikia mara nyingi na wewe hujibu. Anaokoa filamu za zamani zisioze. Ni kazi ya watu wachache nchi nzima, na bosi wake akishindwa jambo humwita yeye. Basi huko huko kwenu Waipahu wanabomoa sinema ya zamani, ile waliyokuwa wakienda wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Chumba cha nyuma kimejaa mikebe ya filamu zetu za Kifilipino. Wakapiga simu ofisini kwa Temyo, wakasoma majina ya mikebe, wakafika kwenye hiyo, na mwanangu akadondosha simu. Akaniandikia: "Nanang, mama mkubwa Onor alikuwa amelala kwenye mikebe muda wote huu, mtaa wa pili kutoka nyumbani kwake."

Mtaa wa pili, Manang! Hukujua?

Wakubwa wa Temyo wanasema ni filamu iliyosahauliwa. Nikamwambia haikusahauliwa, haikutazamwa! Ilionyeshwa Laoag wiki moja, watu wa kwetu wakakataa kwenda, na watu wa kwingine wakasema kama wenyewe wamekataa basi ni mbaya. Na riwaya je? Wakati Maestro Policarpio alipokuwa akiitoa gazetini, sura moja kila wiki, tulikuwa tukigombania gazeti mpaka linachanika. Wewe ulikuwa unatusomea kwa sauti, na ulipofika pale zimwi linapolala juu ya mto likaunywa wote, samaki wakabaki wanaruka kwenye matope na watu wakaingia na vikapu, baba yetu Tatang mwenyewe alikuwa anaacha kutafuna. Kitabu kile kila mtu alikipenda. Filamu ikaonekana laana.

Najua kwa nini, usiniandikie kuniambia. Lakini ni zamani. Temyo anataka kuionyesha hapa kwenye sikukuu ya San Isidro mwezi wa tano, ukutani mwa kanisa. Na wewe lazima uje. Zimwi la kike refu kuliko wanaume wote, lililoshonwa kwa magunia na kamba za mkonge na mikono yako mwenyewe, halafu yule mwigizaji wa Manila akaogopa maji baridi, ukalivaa wewe! Hakuna familia nyingine hapa yenye mtu aliyekuwa nyota wa filamu.

Nijibu upesi.

Mdogo wako mpenzi,
Felicitas


Waipahu
2 Novemba 1994

Ading Felicitas,

Hatujambo. Pablo amestaafu na sasa anapanda mlonge hata kwenye ndoo za kuogea. Mimi goti la kulia linauma nikipanda ngazi. Hotelini wamenipa kusafisha ghorofa ya chini, vyumba ni vikubwa lakini ngazi hakuna.

Jana tulikwenda makaburini kwa ajili ya wafu. Maua hapa ni ya bei mbaya. Nimewaombea Tatang na Nanang.

Nimetuma sanduku. Kahawa ni ya Gorio. Nyama za kopo mgawane na Berting kwa sababu ya paa. Sabuni usiziweke pamoja na chokoleti ukifungua, mara ya mwisho ulisema chokoleti zilikuwa na ladha ya sabuni, lakini ulizila.

Mwambie Temyo ale vizuri. Manila watu wanasahau kula.

Onorata


Paratong
24 Novemba 1994

Manang,

Sanduku limefika, asante, Mungu akuongezee. Chokoleti safari hii ni chokoleti.

Lakini wewe! Mimi nakuandikia habari ambayo imewafanya watu waache kupalilia, wewe unaniandikia goti! Nimesoma barua yako mara tatu, nimeigeuza nyuma, nimeitazama kwenye jua. Gorio akaniuliza, "Unatafuta nini?" Nikamwambia, "Natafuta dada yangu." Hukusema ndiyo, hukusema hapana, hukusema hata "sijui." Ukienda hotelini kwako wazungu wakikuuliza taulo unawajibu habari za mlonge?

Haya. Tumeshapanda vitunguu saumu, mkono wangu bado unanuka. Na nilikuwa kwenye vitunguu hivyo hivyo, nimekaa uani nachambua punje za mbegu, Nana Sepa alipoingia. Unajua hajakanyaga uani kwetu tangu alipozikwa mwanawe. Siku ya wafu kaburini nilimpa keki ya wali, akageuza uso kama nimempa jiwe. Sasa kaja mwenyewe na fimbo yake.

"Felicitas."

"Nana, karibu. Kaa."

"Sikai. Nasikia mwanao analeta lile zimwi."

"Ni filamu tu, Nana. Watu wa Manila wanaisifu, wanasema..."

"Teong yumo?"

Nikamwambia sijui, sijaiona, hakuna hapa aliyeiona.

"Kama yumo," akasema, "sitaki atazamwe na watu wanaotafuna karanga. Na dada yako asije akasimama mbele yangu. Alisimama vya kutosha siku ile."

Akaondoka. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye juzi alikuwa anaandaa hotuba ya kumsifu Temyo, leo anasema jambo hili lifikiriwe, sijui liundiwe kamati. Kamati! Mtu huyu hawezi kuhamisha mbuzi bila kamati.

Manang, mimi sikuwapo mtoni siku ile, unajua. Nilikuwa nyumbani na Temyo mchanga, ana homa. Nilichonacho ni walichosema watu. Kwamba Tatang kwa kuwa ni mkuu wa chama cha maji alikubali bwawa la mianzi lizibwe kabisa, ili mto ukauke na zimwi lionekane limeunywa. Kwamba watu waliwekwa ukingoni wasimame tu watazamwe, lakini walipoona samaki wanaruka kwenye matope, kamba na mikunga wakubwa, hawakujizuia. Watu waliosoma riwaya nzima! Wanaojua kwamba mwishowe mto unawarudia! Wakaingia wote na vikapu na kofia na sketi, kama vile kitabuni, wanasukumana, wanacheka. Halafu pembe ya kuonya ikalia, kelele zao zikaimeza, bwawa likafunguliwa. Wote wakatoka isipokuwa Teong wa Nana Sepa.

Na kwamba wewe muda wote huo ulikuwa juu ya mwamba, unarusha mikono na kucheza ngoma ya zimwi kwa ajili ya kamera, mwenzako anakufa. Ndivyo wanavyosema mpaka leo. Watoto waliozaliwa baada ya wewe kuondoka wanakuita jina la zimwi, hawajui hata kama una jina lingine.

Wewe hukuwahi kusema neno. Ulifunga sanduku ukaolewa na Pablo ukapanda ndege. Basi sasa nakuuliza mimi, mdogo wako niliyebebwa mgongoni mwako: ilikuwaje?

Na usinijibu goti.

Felicitas


Waipahu
10 Januari 1995

Ading,

Heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kwa kuwa Krismasi hotelini hakuna likizo, na kwa kuwa sikutaka kuandika.

Mtaa wa pili, ndiyo. Nilijua. Mwaka wa kwanza nilipofika, wakaionyesha Jumamosi kwa watu wa miwa. Pablo alitaka kunifurahisha, alikuwa hajanifahamu vizuri bado. Wanaume wa Ilocos walijaa, wanapiga miluzi kila zimwi likitokea. Mmoja akasema, "Huyo namjua, ni mama mkwe wangu." Nikacheka na mimi. Tulipokaribia sehemu ya mto nikasema nasikia kichefuchefu, tukatoka. Sijaona kilichofuata. Sitaki kukiona.

Nana Sepa asipotaka, msiionyeshe. Ana haki. Temyo aiweke ofisini kwake huko Manila watu wenye shule waitazame na kuandika juu yake. Hapo kwetu haina faida kwa mtu.

Unauliza ilikuwaje. Ilikuwa zamani, wewe mwenyewe umesema. Mimi nimeshazoea. Ukinipenda acha hapo. Usipoacha kwa ajili yangu, acha kwa ajili ya Tatang.

Mlonge wa Pablo umekuwa msitu.

Onorata


Paratong
26 Februari 1995

Manang Onorata,

Sikuacha.

Nakusalimu hata hivyo, kwa kuwa nimelelewa vizuri. Vitunguu vimestawi. Kampeni za uchaguzi zimeanza, kila ukuta una sura ya mtu anayecheka. Gorio amepokea fulana za wagombea wote na anazivaa kwa zamu asimuudhi mtu.

Temyo alikuja Jumanne, kakonda, nikamlaza na kumlisha. Ana nakala safi ya filamu na mashine ya kuonyeshea kaazima. Mkebe mmoja wa zamani alikuja nao ili nione kazi yake ilivyo ngumu. Akaufungua jikoni, harufu ya siki ikanipiga, nikadhani kaniletea ya kutia kwenye mboga. Kumbe filamu ikioza ndiyo inanuka hivyo. Mwanangu anaijua kwa pua, Manang. Ananusa tu anasema hii inapona, hii haiponi.

Tukafunga madirisha, tukatundika shuka lako lile la Hawaii, tukakaa mimi, Gorio na yeye.

Nitasema kweli: mwanzo ni vibaya. Wamebadilisha riwaya ya Maestro Policarpio mpaka nikawa nalifokea shuka. Yule mjane wa kitabuni wamemfanya msichana anayeimba. Kaa waliolishinda zimwi kitabuni, hawamo! Eti zimwi linaogopa tochi! Gorio akasema, "Nyamaza basi tusikie," nikamwambia, "Unasikia nini wakati nguo ya zimwi inaonyesha gunia la mpunga lenye jina la kinu?" Na macho yake ni vifuniko vya makopo, nimevitambua, ni vya biskuti za Nanang.

Lakini wewe ukitembea, Manang! Sijui ulifanyaje. Unatoka majini taratibu, mgongo umeinama kama mwanamke aliyebeba kuni maisha yake yote, na hapo sikuona gunia tena. Nililionea huruma lile zimwi. Temyo anasema ndiyo sababu filamu hii ni nzuri na hakuna aliyeijua: zimwi lina njaa, si ubaya. Nikamwambia huyo ni mama yako mkubwa, anatembea hivyo hivyo akitoka kisimani.

Halafu mto ukakauka.

Nimewaona wote. Berting akiwa na nywele! Marehemu Maestro mwenyewe, mtunzi wa kitabu, kakunja suruali ana kikapu! Wanasukumana, wanachekana, mikunga wanawateleza. Kamera ilikuwa inawafuata wao, hakuna aliyekuwa akiigiza. Na wewe juu ya mwamba, kwenye kona ya mto.

Nikaona unageuka kutazama juu, upande wa bwawa. Halafu ukaanza kurusha mikono. Manang, mimi nimekuona ukinifukuzia kuku miaka mingapi? Huo si mchezo wa zimwi! Unawaambia watoke! Unaelekeza ukingo, unaelekeza ukingo, unajishika kichwa kizima cha zimwi unataka kukivua na hakitoki, kwa kuwa ulikishona mwenyewe na wewe ukishona kitu hakitoki. Watu wanatazama wanacheka. Kuna mmoja anakuiga. Ukaruka kutoka kwenye mwamba ukaingia matopeni na uzito wote ule, ukamshika mtu shati ukamsukuma ukingoni, ukamshika mwingine. Wa tatu ni Teong. Umemkamata kola, unamvuta kwelikweli. Akakuponyoka anacheka, akarudi kuchukua wavu wake.

Maji yakaingia. Wakakata hapo, sehemu inayofuata ni msichana anaimba.

Nikamwambia Temyo, "Rudisha." Tukatazama tena. Na tena. Gorio alikuwa analia, akasema ni harufu ya siki.

Miaka yote hii! Unaitwa zimwi, unakaa kimya! Nanang alikufa bila kukuona! Mimi nimegombana sokoni, nimetukanwa, nimewajibu watu sijui ninachokijibu, na wewe ulikuwa na jibu mfukoni! Ningekuwa karibu ningekupiga na ndala.

Halafu, mara ya nne, nikaona kitu kingine. Pembeni kabisa mwa picha, kamera haimjali, Tatang kasimama ukingoni. Pembe yake ya nyati imening'inia kifuani. Bwawa halifunguliwi kabla pembe haijalia, hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Ikilia, hata bata wanatoka mtoni. Na sisi tuliambiwa ililia. Nimemtazama tangu mwanzo wa sehemu ile mpaka maji yanaingia. Hakuiinua.

Sijamwambia mtu. Temyo hajui maana yake. Gorio ameona lakini anajifanya hakuona.

Sasa niambie.

Felicitas


Waipahu
18 Machi 1995

Ading,

Basi umeona.

Mwongozaji alimwomba asipige pembe. Alisema itawashtua watu na sura zao zitaharibika, yeye ataweka kijana na kitambaa cheupe, kitambaa kikipanda wenye bwawa wafungue. Tatang alikuwa ameahidiwa watu watakaa ukingoni, kwa hiyo hakuona ubaya. Alikubali kwa adabu. Wale walikuwa wageni wake, walikuwa wamekula nyumbani kwetu. Unajua alivyokuwa na wageni.

Watu walipoingia mtoni nilimtazama. Alikuwa anacheka nao. Nafikiri alisahau kabisa kwamba pembe haitalia. Maisha yake yote ilikuwa ikilia. Mimi nilikuwa juu nikaona kitambaa kinapanda.

Baada ya maziko hakula. Watu walikuja kumuuliza mambo ya mgao wa maji akawa anachanganya zamu zao. Halafu mtu mmoja akaanza kusema zimwi lilikuwa linacheza. Siku ya pili walikuwa wanasema wengi. Siku ya tatu Tatang akaanza kula. Hakuniomba. Hakusema lolote, aliniwekea tu kichwa cha samaki kwenye sahani yangu, ambacho kilikuwa chake siku zote. Nikaelewa, nikaona naweza kukibeba.

Bwawa lina jina lake sasa, na kanisa lina kiti chake. Mkiionyesha filamu, mtu mmoja tu akiwa na macho kama yako, jina lake litakwisha. Mimi nina Pablo, nina watoto, nina hoteli. Yeye ana jina tu.

Ficheni. Nakuomba kama dada yako.

Onorata


Paratong
9 Aprili 1995, Jumapili ya Matawi

Manang,

Barua hii naituma kwa mkono wa binti wa Berting anayepanda ndege keshokutwa, kwa sababu posta yetu sasa inabeba picha za wagombea tu. Hatujambo. Nimelia sana juu ya kichwa cha samaki, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena, Gorio akahamia uani na godoro. Sitayaandika hayo zaidi, karatasi ni fupi.

Nilikuwa nimeamua kukutii. Niliandika kwa Temyo aichukue filamu airudishe Manila. Mwanangu, na shule yake yote, akajibu, "Nanang, uamuzi ni wa Nana Sepa, si wako wala wa mama mkubwa. Mwanawe ndiye aliyekufa." Akaja Ijumaa. Akaenda kwake peke yake, bila kuniaga. Unamlea mtoto, unamsomesha, anakuja kukushinda akili nyumbani kwako. Nilijivuna na kumchukia pamoja.

Baada ya chakula cha mchana nikaona Nana Sepa anaingia, kamshika Temyo mkono. Akakaa kwenye kiti changu.

"Funga madirisha," akasema. "Na wewe Felicitas usiongee."

Sikuongea. Mimi! Alitazama mwanzo wote bila kupepesa, msichana akiimba akasema, "Hii haikuwemo kwenye kitabu," nikafurahi kimoyomoyo. Zimwi lilipotoka majini akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Teong akatokea na wavu wake. Manang, yule mama hana picha ya mwanawe hata moja. Hakupigwa picha maisha yake. Alikuwa anamtazama anatembea.

Akapiga kelele, "Shati la kaka yake!"

Temyo akaruka. "Nini, Nana?"

"Amevaa shati la kaka yake! Nilimchapa kaka yake kwa kulipoteza! Kumbe mwizi ni huyu! Mtazame anavyocheka, mwizi!" Akawa anacheka na machozi yanamwingia mdomoni.

Halafu ukamkamata kola. Ukamvuta, akakuponyoka, akarudi kwenye wavu.

"Rudisha."

"Nana, mashine ikipata moto sana..."

"Rudisha, mtoto wewe."

Akarudisha. Alitazama mpaka nikapoteza hesabu, kila mara anasema kwa sauti ndogo, "Nenda naye. Nenda naye, mjinga wewe." Mwisho akasema basi, fungua madirisha.

Nikaona afadhali nimwambie mwenyewe kuliko agundue. Nikasema, "Nana, kuna jambo kuhusu Tatang. Pembe..."

"Haikulia," akasema.

"Unadhani sisi ni viziwi? Nilikuwa ukingoni na ndoo yangu, sikusikia pembe. Berting hakusikia. Maestro hakusikia. Kila aliyekuwa mtoni siku ile anajua haikulia."

"Sasa mbona mkasema ililia?"

"Felicitas, baba yako ndiye aliyekuwa anatugawia maji. Mpunga wetu wote ulikuwa mkononi mwake, na alikuwa mtu wa haki, hatujapata kama yeye tena. Angevunjika, nani angeshika nafasi yake? Yule mlevi wa ng'ambo ya mto? Tungekufa njaa. Tulihitaji mtu wa kumlaumu ambaye hatumtegemei. Dada yako alikuwa amevaa zimwi. Ilikuwa rahisi." Akajifuta uso na sketi. "Mimi nilikuwa wa kwanza kusema anacheza. Nilisema mpaka nikaamini. Sikujua kwamba alimshika."

Nikamuuliza, basi jina la Tatang?

"Jina la baba yako halitoki popote. Tulilishikilia sisi kabla ya dada yako kulishikilia. Anadhani alilibeba peke yake? Mwambie ana kiburi." Akasimama. "Mwambie aje. Filamu ionyeshwe. Nitakaa mbele kabisa, na atakaa kando yangu, na mtu yeyote atakayemwita jina lile nitamvunja meno kwa fimbo hii. Na anieleze Teong alimwambia nini alipomshika. Mdomo wake unatembea pale, alisema kitu. Nataka kujua alisema nini."

Kwa hiyo, Manang, hilo huwezi kuliandika ukalitia kwenye sanduku la kahawa. Mtu mmoja duniani anajua maneno ya mwisho ya Teong, ana miaka sitini na miwili, anatandika vitanda Waipahu, na mama wa marehemu ana themanini na saba. Umekuwa ukimfichia Tatang jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinakuficha wewe! Nimewahi kuona ukaidi, lakini huu wa pande zote mbili sijawahi. Nataka kuwagonganisha vichwa wote, walio hai na marehemu.

Nimeshapaka chokaa chumba chako. Temyo amewaandikia wakubwa wake, wanakuja watatu kutoka Manila. Mwenyekiti ameiacha kamati na ameirudia hotuba yake, mimi nimeisoma, inanitaja mara mbili. Berting ameahidi kuchinja nguruwe. Watoto wa Nana Sepa wanatoka Baguio, wote, pamoja na yule kaka mwenye shati. Pablo aje, wajukuu waje, nitajifunza majina yao kwa nguvu. Tumia ndege ya kushukia Laoag, Gorio atakupokea na fulana yoyote atakayokuwa nayo. Viti vitapangwa kuanzia mchana, giza likiingia Temyo anawasha mashine, na hawashi mpaka nimwambie umekaa.

Tunawangoja wote Jumatatu, tarehe 15 Mei, siku ya San Isidro.

Felicitas